Magunzi ya Mama Cheptoo

Kila Jumanne Cheptoo huteremka kutoka Kitale hadi Ndalu na kikapu chenye visanduku vinne vya sauti, vile vinavyotumia jua na kusoma Biblia kwa Kiswahili na Kibukusu. Walipomwona mara ya kwanza watu walidhani anauza redio. Ni mwanamke mfupi wa Mlima Elgon, aliyetembeza maziwa miaka ishirini mpaka magoti yakamkatalia. Cheo hana. Kazi yake ni kuwafundisha kuhubiri watu wasiojua kusoma.

Nabwile alimpenda kwa sababu hakumhurumia. Tangu mumewe afariki na shemeji yake Sifuna atwae shamba lote, akimwachia kibanda na migomba sita, majirani walimhurumia kwa midomo, kisha wakaenda kumlimia Sifuna. Cheptoo alimuuliza jambo moja tu: "Mama, unaweza kupukuchua mahindi huku unasikiliza?"

Ndivyo anavyofundisha. Wanawake wanazunguka lundo la mahindi, kisanduku kinasoma kisa mara tatu, halafu mmoja anakisimulia. Akiongeza jambo lisilomo, wenzake wanatupa gunzi kwenye karai. Pa!

"Neno si mchuzi," Cheptoo husema, "ati kila mtu atie chumvi yake."

Hamwogopi mtu. Mhubiri mmoja mgeni, mwenye suti, alipopita hapo akasimulia habari za punda mweupe, gunzi lililia.

"Pasta, huo weupe umeutoa wapi?"

Mgeni akafungua kitabu chake, akatafuta, akacheka mwenyewe.

Ikaja Jumapili ya akina mama, na wanawake wakamchagua Nabwile ahubiri. Sifuna, ambaye ni mzee wa kanisa, alipinga. "Mtu hajui hata a, atahubiri nini? Si atashika kitabu miguu juu!" Mchungaji akaamua ajaribiwe mara moja; akiharibu, asisimame tena.

Nabwile alichagua kisa cha mjane na hakimu dhalimu. Kwenye mazoezi alianza vizuri, kisha akasema, "Na huyo hakimu alikuwa amekula shamba la marehemu kaka yake..."

Pa! Pa! Pa!

"Shemeji yako ameingia Biblia lini, bana?" akauliza Phelista, jirani yake, na wote wakaangua kicheko.

"Si ni yeye kabisa! Mnataka nimfiche?"

Cheptoo alingoja wengine waondoke. "Nabwile, ukimweka Sifuna mle ndani, watu watarudi nyumbani wakizungumza habari za Sifuna. Yule mjane atabaki mlangoni peke yake. Amekataliwa mara ya pili, na safari hii ni wewe umemkataa."

Nabwile alikasirika juma zima. Miaka sita alikuwa akingojea siku ya kulitaja jina hilo mbele ya watu. Lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili Sifuna aliketi mbele, kitabu kikubwa mapajani. Cheptoo alikaa benchi la nyuma, gunzi mkononi. Nabwile akasimama mikono mitupu. Akaanza kisa: mjane akaja, akakataliwa, akarudi. Nabwile alipofika kwa hakimu asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, ulimi ukaanza kulitafuta jina. Akamtazama Cheptoo. Akameza.

"Akarudi tena," akasema. "Na tena."

Bibi mmoja akaanza kulia taratibu. Sifuna alikuwa akifuatisha mistari kwa kidole, akitafuta kosa. Kidole kilifika mwisho, na Nabwile naye alikuwa amefika. Sifuna akafunga kitabu. Gunzi la Cheptoo lilikuwa bado mkononi.

"Hukumtaja!" Phelista alimwambia nje.

"Sikumtaja."

Mchungaji alimpa Jumapili nyingine. Sifuna hakumpa hata mtaro mmoja wa shamba, na Nabwile hajamsamehe, wala hadanganyi mtu kwamba amemsamehe. Lakini kesho yake asubuhi alikuwa kwenye benchi la ofisi ya chifu, na Cheptoo kando yake, ingawa haikuwa Jumanne. Chifu alipotoka, Cheptoo akamgusa Nabwile kiwiko.

"Hapa sasa, mtaje," akasema. "Na kama leo chifu hatusikii, kesho tuko hapa."