Nilimjengea Mungu Kanisa la Kuzuia Tingatinga

Msiniulize jina. Nikilitaja, kuna mtu mmoja huko Tassia atalisoma, na sina nguvu za kumtazama usoni.

Nimekosa! Nilimtumia Mungu kama askari wa kulinda kibanda cha chai, na nikafaulu. Ubaya wangu wote uko hapo, kwamba nilifaulu.

Ninauza chai na mandazi nje ya lango la hospitali yetu huku Njiru. Ni hospitali ya jamii, ndogo tu. Ina kliniki, chumba cha kuzalishia, na dawa siku zikiwepo. Mama mjamzito akihitaji kupasuliwa, anapelekwa mjini. Basi tukasikia wafadhili wamekubali kuipanua: wodi mpya ya akina mama, chumba cha upasuaji, mashine za kisasa. Nilipiga makofi kama kila mtu! Sikujua jengo lenyewe litakaa wapi.

Siku moja tukakuta vibanda vyetu vimepakwa X kwa rangi nyekundu. Mtu wa huku Eastlands haelezwi maana ya ile X: unabomolewa. Uwanja ulikuwa wa hospitali, sisi tulijibanza tu, na hilo tulilijua. Tena walitupa nafasi nyingine, upande wa lango la nyuma. Nikakataa. Nani atazunguka huko kutafuta chai?

Wazo ni mimi niliyelitoa, si mwingine. "Tingatinga hubomoa nyumba, hubomoa duka, hata choo. Mmewahi kuliona likibomoa kanisa watu wakiwa ndani wanaabudu?"

Elkana akacheka. Huyu alikuwa akiuza viatu vya mitumba kando yangu, kijana mwenye sauti ya kufika hadi Kangundo Road. "Mathe, wewe ni mnoma, ni hatari! Na pasta atakuwa nani?"

"Wewe," nikamwambia. "Si uko na suti?"

Ee Mungu, tulicheka siku hiyo! Jumamosi tuling'oa mabati ya vibanda vyetu, tukasimamisha kanisa. Muumini hata mmoja hatukuwa naye. Spika tuliazima kwa jamaa anayeuza sumu ya panya. Jumatatu tingatinga lilipofika, lilikuta akina mama tumepiga magoti, vitambaa vyeupe kichwani, tunaimba na kulia. Machozi yangu yalikuwa ya kweli, sijui yalitoka wapi. Dereva akazima injini, akavua kofia.

"Hii mimi sigusi," akamwambia msimamizi wake. "Niko na watoto nyumbani."

Matroni wa hospitali akatoka. Mama wa heshima zake, mteja wangu wa kila asubuhi, chai bila sukari. Akainama sikioni pangu. "Mama, mimi nakujua. Hapa ndipo thieta ya kupasulia akina mama itakaa. Na wewe uko na msichana. Ondoeni hii kitu, tafadhali."

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Matroni, huwezi kumfukuza Mungu!"

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikajiona shujaa.

Mambo yakavutana, mkutano baada ya mkutano, hadi wafadhili wakachoka wakapeleka jengo lao kwingine. Kibanda changu kikarudi mahali pake, kimeegemea ukuta wa kanisa. Biashara ikanoga, maana waumini walianza kuja kweli. Elkana alipoona viti vinajaa, akaachana na viatu, akawa pasta kweli.

Sasa nisikilizeni.

Binti yangu, nitamwita Nekesa ingawa si jina lake, alikuwa ameolewa Tassia. Mume wake anafanya kazi kiwandani. Alipopata mimba yake ya kwanza nikampigia simu. "Njoo ukae na mimi, mwanangu. Hospitali iko hapa mlangoni." Mlangoni! Ulimi wangu huu!

Uchungu ulimshika asubuhi nikikaanga mandazi. Tulitembea naye hadi ndani, akinitania kwamba mtoto amefuata harufu. Kufika mchana, matroni akatoka na glavu bado mkononi. Mtoto alikuwa amekingama tumboni.

"Huyu anataka kupasuliwa," akasema, "na hapa hatuna pa kumpasulia."

Tukangoja ambulensi. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na dirishani yalionekana mabati ya kanisa letu. Nekesa alikuwa amenishika mkono. "Mama, si walisema watajenga thieta hapa?"

"Pumua, mwanangu," nikamwambia. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli, nikamwambia apumue.

Alikata roho njiani, kabla hatujafika mjini. Na mtoto akaenda naye, mvulana. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu nilinyimwa, nikaachiwa majuto.

Matroni hakunikumbusha lolote. Alinishika bega tu, na tangu hapo hupita kibandani bila kuagiza chai. Heri angenitukana!

Kabla mwili haujasafirishwa kwao mume wake, Bungoma, tulihitaji mahali pa ibada. Mnajua ilifanyiwa wapi? Jeneza la mwanangu liliwekwa palepale ambapo thieta ingesimama! Elkana akahubiri kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Macho yetu yalipokutana, akashusha yake.

Nilimfuata baada ya mazishi. "Tubomoe, Elkana. Tuite wale watu warudi."

"Mathe, watu wameokoka hapa," akasema, na hakuwa akicheka. "Sasa niwaambie tulikuwa tunalinda vibanda?"

Basi nikaenda mwenyewe Jumapili. Nikasimama mbele, nikasema kanisa hili liondoke, hospitali irudishiwe ardhi yake. Mtu mmoja akainuka kutoka safu ya mbele, akanijia.

Alikuwa mkwe wangu. Tangu mazishi huja kila Jumapili kutoka Tassia, anafagia, anapanga viti. Anasema ni hapo tu moyo wake hutulia, kwa sababu ndipo alipomuaga mke wake. Hajui ni nani aliyepajenga wala kwa nini.

Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Siku hiyo alinishika mikono yote miwili, taratibu, jinsi unavyomshika mgonjwa.

"Mama, najua ni uchungu," akasema. "Lakini huwezi kumfukuza Mungu."

Watu wakapiga vigelegele. Nami nikarudi kuketi. Ningemwambia nini? Kwamba mahali anapopiga magoti ndipo nilipomuua mke wake? Nimeshindwa hadi leo.

Ndugu zangu, mkiona X nyekundu kibandani, msikimbilie kuita kwaya. Ulizeni kwanza kinachokuja kujengwa ni nini, na ni nani wa nyumba yenu atakihitaji. Hamieni lango la nyuma! Chai itanyweka hata huko. Mimi nimechelewa. Wafadhili hawakurudi, na hakuna anayesema watarudi.

Juzi msichana mwenye mimba kubwa alisimama kibandani pangu. "Mathe, hapa huwa wanapasua?"

Nikammiminia chai, nikamwelekeza njia ya mjini.