Tembe Ndani ya Chombo cha Maziwa

Nakumbuka adhuhuri moja pale Habaswein, mwanangu, upepo umelala kabisa, na kengele ya ngamia, ya mti, iliyotundikwa ukutani, ikagonga yenyewe. Ko. Ko. Ngamia wetu walikufa wote mwaka wa ukame.

"Wamenifuata," akasema Ayeyo, bibi yangu, uso wake ukutani.

Sina mvi, usinicheke nikikuita mwanangu. Kaburi moja tu limenizeesha. Ayeyo alikuwa na saratani isiyopona. Maumivu yalitulizwa na dawa ya maji, lakini mwenyewe alikuwa ameondoka kabla ya kufa: hatii kitu mdomoni ila dawa hiyo na uji kidogo, hasemi, hata nikimwita hageuki. Majirani wakasifu, "Mashallah, ana subira!" Nesi aliyekuja kumtazama hakusifu.

"Hii ni huzuni iliyogeuka ugonjwa, nayo ina dawa," akaniambia. "Tembe moja kila siku. Haifanyi kazi leo wala kesho, ngojeni wiki kadhaa."

Abti, mjomba wangu, akawaka. "Naa, wewe Halima! Unataka Habaswein nzima iseme mama yangu ni kichaa? Hilo ni jini. Tutamsomea."

Nikaogopa. Kila asubuhi nikadondosha tembe ndani ya dhiil, chombo chake cha kukamulia, kikavu siku nyingi, na nesi nikamwambia amemeza. Na kila adhuhuri: ko, ko.

Siku moja nikakisogeza chombo nifagie. Kikalia chakacha. Ayeyo akageuka, mara ya kwanza baada ya mwezi. Macho yake yalikuwa ya mtu anayechungulia kutoka chini ya kisima.

"Chombo changu ni cha maziwa. Umekitia nini?"

Nikalia, nikasema yote.

"Mimi niko shimoni, wewe unaficha kamba?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwendea nesi nikakiri, tukaanza upya. Abti naye akaendelea kusoma Kurani pale pale, na hakuna aliyemfukuza mwenzake. Wiki zikapita. Asubuhi moja Ayeyo akaomba chai ya maziwa ya ngamia, akamtazama Abti tumbo: "Wallahi umenenepa! Hilo jini ni lako." Akatuita mmoja mmoja, akaomba msamaha, akatusamehe. Ndipo akafa, uso wake ukiwa kwetu.

Kengele bado hugonga siku moja moja, upepo ukiwa umelala. Siiogopi. Naisalimia.

Mwanangu, hata anayekufa hutibiwa huzuni. Usikiite kimya chake subira kabla hujamuuliza, usiionee haya dawa yake, wala usimdanganye nesi. Mungu akijaze chombo chako maziwa, na siku yako ya mwisho akugeuze uso uwaone watu wako.