Filimbi Niliyoipasha Moto Jikoni kwa Mama Daktari

Nakiri mapema ili mnicheke mapema: katika wilaya nzima ya Njombe hakuna mwalimu mwingine aliyeingia jukwaani kwa makofi akatoka mbio, leso mdomoni, mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na mkewe. Ni mimi peke yangu. Na diploma nilikuwa nayo.

(Hiyo diploma tuelewane kwanza. Niliondoka nyumbani na shuka moja na viazi alivyonichemshia mama, nikarudi kutoka Uganda na suti mbili, diploma ya ualimu, na filimbi ya Kizungu, ile ndefu ya chuma inayoshikwa kwa ubavu, si hizi za wachunga ng'ombe. Hakuna aliyenisaidia. Nilijitengeneza mwenyewe.)

Basi mke wa daktari wa misheni, ambaye sote tulimwita Mama Daktari, akaandaa alasiri ya muziki, filimbi na gitaa tu, muziki wa taratibu wa Waitaliano wa zamani, wa kusikilizwa umeketi na mdomo umefungwa. Nikajua gitaa atapiga Mzungu. Akaniletea Yeremia, seremala wa Makambako, darasa la nne, na gitaa alilojiundia mwenyewe kwa mbao za masanduku ya chai. Noti hata moja hajui kuisoma. Mama Daktari akampigia wimbo kwenye kinanda mara mbili, akawa nao vidoleni. Mimi niliusoma wiki tatu. Na kila aliyepita dirishani tukifanya mazoezi alisema, "Huyo fundi ni hatari," na hakuna hata mmoja, nawaambia, hata mmoja, aliyesema lolote kuhusu filimbi.

Hilo ningelivumilia kama si Tulalumba. Tulalumba alikuwa nesi wa misheni, na shangazi yangu alikwisha kwenda kwao kuniposea. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba binti atajibu mwenyewe baada ya muziki. Nikaelewa kwamba anataka kunisikia kwanza, nami nikapuliza usiku na mchana mpaka jirani yangu akahamishia kitanda chake chumba cha pili. Lakini nilisikia pia kwamba Yeremia naye amepeleka mtu.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, na mnaijua Julai yetu, asubuhi majani yote meupe kwa barafu na mchana jua halina nguvu. Tulipojaribu vyombo, filimbi yangu ikawa chini ya gitaa, chini kidogo tu, lakini kidogo cha kuumiza meno.

"Ni baridi, Mwalimu," akasema Yeremia kwa adabu yake ile inayokera. "Chuma kikipoa sauti inashuka. Iweke kwapani, ndani ya koti, robo saa tu."

"Kwapani?" akasema Tulalumba. "Basi tutampima na homa kabisa."

Wakacheka. Nami nikacheka, ila kicheko changu kilikuwa cha meno tu. Mtu wa diploma nisimame mbele ya Bwana Shauri nimebana filimbi kwapani kama kuku wa kupeleka sokoni? Nikamwambia, "Fundi, legeza wewe nyuzi zako."

"Nikizilegeza zitalia kama kamba ya kuanikia nguo, Mwalimu wangu." Wakacheka tena.

Hapo ndipo nilipoamua jambo langu dogo. Nikaingia jikoni kwa Mama Daktari, ua mmoja na ukumbi, ambako jiko la chuma lilikuwa linawaka kuni za miwati, nikailaza filimbi kwenye kibao cha chuma wanachopashia sahani.

Mpishi, mzee wa Kipangwa, akaniuliza, "Mwalimu, hicho kiive au kipate moto tu?"

Nikamjibu asijishughulishe na mambo asiyoyasomea.

Nilikusudia dakika tano. Lakini dirisha la jikoni linatazama barazani, na barazani Tulalumba alikuwa ameshika shingo ya gitaa huku Yeremia akikaza uzi, vichwa vyao karibu kuliko kazi ile ilivyohitaji. Nikasimama pale nikihesabu vicheko. Nilifika kumi na kimoja nikasikia naitwa.

Nikaikamata filimbi kwa leso (sikujiuliza kwa nini nahitaji leso), nikaingia, makofi, nikainama, nikaipeleka mdomoni. Aliyewahi kubusu sufuria atanielewa. Nikajikaza, kwa sababu Tulalumba alikuwa mstari wa mbele, nikapulizia kwa mbali, ukatoka upepo mtupu. Kisha visahani vya ngozi vinavyoziba matundu, ambavyo vimegandishwa kwa gundi ya kuyeyuka, vikaanza kudondoka. Cha pili kilibingirika mpaka kwenye kiatu cha Bwana Shauri, akakiokota, akakitazama, akampa mkewe.

Yeremia hakuacha kupiga. Alichukua sehemu yangu akaitia ndani ya yake, akawa anapiga zote mbili, na ukumbi ukatulia, hawakunicheka, walinisahau tu. Heri wangenicheka. Nikakimbia nikajificha nyuma ya rundo la kuni. Baadaye nikasikia makofi marefu, halafu Yeremia anazunguka ua akiita, "Mwalimu? Mwalimu, umeumia?" Nikazidi kujikunja nyuma ya kuni.

Kesho yake mdomo ulikuwa umevimba kama andazi. Hospitalini zamu ilikuwa ya Tulalumba.

"Usiseme neno," akaniambia akinipaka dawa. "Ukifungua mdomo kidonda kitapasuka." Akafunika kopo la dawa, akasema, "Shangazi yako aliahidiwa jibu. Mpaka jana nilikuwa sijaamua, Mwalimu, nakwambia kweli. Lakini Bwana Shauri alisimama kumpa Yeremia mkono, Yeremia akampita akatoka kukutafuta wewe. Nimemkubali Yeremia."

Mimi mwenye Kiingereza, Kiswahili na Kibena, sikuwa na ruhusa ya kutumia hata kimoja. Nikaitikia kwa kichwa.

"Asante kwa kuelewa," akasema.

Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimeungua.

Filimbi aliitengeneza Yeremia huyohuyo, akakataa malipo, na hilo nalo sijamsamehe. Lakini nimeapa: sitasimama tena dirishani kuhesabu vicheko vya watu wawili wakati kitu changu kiko jikoni.