Ndege Iliyosikika Mbalizi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya tiketi za ndege mjini Iringa, niliingia na shahada ya jiografia na tai ya kuazima. Mama Meneja aliniuliza kutoka hapo hadi Berlin ni mbali kiasi gani. Nikamweleza kwamba dunia ni tufe, na kwamba njia iliyo fupi kuliko zote huonekana imepinda kwenye ramani. Aliniacha nimalize.

"Umesoma, baba. Sasa mteja umemwuzia nini?"

Akanifundisha. Muda wa angani ni tangu magurudumu yaache ardhi hadi yaiguse tena. Muda wa kuunganisha ni kukaa uwanjani ukisubiri ndege nyingine. "Jumlisha vyote, kisha umwongezee ukungu."

Baadaye nikahamishiwa Mbeya, ambako ukungu hausubiri kuongezwa. Huko ndiko nilikompata Mama Asajile wa Mbalizi. Mumewe alikuwa amefariki, na mtoto wao wa kwanza, Asajile, alikuwa anasoma Berlin. Bila yeye kutupa udongo wa kwanza, mazishi yasingeanza. Nilimpigia hesabu, ukungu nikauweka. Hata hivyo akaniomba niwepo msibani. "Wazee wakichoka kusubiri, wewe utawaeleza."

Kaburi lilichimbwa asubuhi. Ukoo ule hauachi kaburi lilale wazi. Mchana ukungu ukashuka hadi kwenye migomba, na baba mdogo wa Asajile akaanza kunisogelea.

"Mwalimu wa ndege, kijana wetu yuko wapi?"

"Yuko angani, mzee. Dar ameshaondoka."

"Angani ni kukubwa, bwana."

Kisha tukaisikia. Ilipita juu yetu, ikaenda, ikarudi, ikazunguka tena. Kwaya ikanyamaza. Hatukuona hata bawa. Mlio ukapungua kuelekea mashariki, nami nikajua, kabla ya simu kutoka uwanjani kunithibitishia, kwamba inarudi Dar.

"Tusubiri kesho," nikasema.

Baba mdogo alitazama kaburi, akatazama juu. "Amesikika. Aliyesikika amefika. Mchungaji, endelea." Mama Asajile akachukua udongo, akautupa kwa niaba ya mwanawe.

Siku hizi ofisi imefungwa na mimi nimestaafishwa na simu. Binti yangu akigusa kioo, anapata umbali wa Mbeya na Berlin kabla sijaipata miwani yangu. Simu yake haikosei. Mimi pia siku ile sikukosea, na bado nasikitika, maana hesabu zangu zote zilimfikisha mtu juu ya kaburi la baba yake, zikashindwa kumshusha.

Asajile alitua kesho yake baada ya mazishi, mbingu haina hata wingu. Alisimama kwenye tuta la udongo mbichi na koti lake la baridi.

"Mama, ni kweli mlinisikia?"

"Tulikusikia, mwanangu. Baba yako naye alikuwa hajashuka kaburini."