Rangi Chini ya Bolti

Mke wa fundi alirithi meza, spana na wateja wa mumewe, na mwaka wa tatu huu bado watu walimwita mke wa fundi, kana kwamba nyaya anazofunga hujifunga zenyewe. Hilo alilizoea. Kilichomchosha ni sifa za marehemu. Tangu azikwe, mtu yule hajawahi kukosea hata mara moja.

Aliyevumisha sifa hizo kuliko wote ni mwalimu mstaafu mwenye pikipiki kuukuu, nyeusi ya kung'aa, iliyopakwa rangi na marehemu mwenyewe. Asubuhi hiyo aliisukuma hadi barazani huku jasho likimtiririka.

"Balbu tena, mama," alisema. "Ya nne mwaka huu! Na regyuleta sasa ni ya pili. Yule muuza spea wa ng'ambo ya barabara ni tapeli. Mtaa mzima nimeuambia."

Kweli alikuwa ameuambia, na muuza spea siku hizi alishinda akifukuza nzi.

Mama akafungua regyuleta, kile kidude kinachozuia umeme wa injini usizidi. Akasoma maandishi ya mgongoni, akahesabu pini. Ilikuwa yenyewe hasa. Akafunga mpya, akawasha, akapima kwa mita, na kila alipovuta mafuta mshale ukapanda kupita kiasi. Spea mpya, ugonjwa uleule. Basi akaachana na spea, akafuata waya.

Waya wa athi, unaorudisha umeme kwenye chuma cha pikipiki, ulifungwa kwa bolti chini ya kiti. Alipoitoa bolti, akakuta rangi nyeusi, laini, nzuri, haijaguswa. Rangi haipitishi umeme, na regyuleta isiyopata athi haizuii chochote. Hata anayeanza kazi leo huambiwa akwangue kwanza, ndipo afunge.

Marehemu hakukwangua.

Mwalimu alikuwa kwenye benchi, amezama katika gazeti. Kusugua kwa msasa dakika mbili tu, na mambo yangekwisha kimyakimya. Nani angejua? Mama akashika msasa. Akainua macho, akamwona muuza spea ng'ambo, ameshika tama mlangoni mwa duka lake. Moyo ukamsuta.

"Mwalimu, njoo uone," aliita. "Spea hazina kosa. Mume wangu alisahau kukwangua rangi hapa."

Mwalimu aliinama, akatazama, akatikisa kichwa. "Marehemu? Haiwezekani, mama."

"Inawezekana sana! Mtu huyo alikuwa akitafuta miwani ambayo ameivaa. Siku ya harusi alikuja na viatu visivyofanana, dada zangu wakacheka mpaka wakakaa chini."

Alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Miaka mitatu amekuwa akipewa pole kwa ajili ya mtu asiye na dosari, mtu ambaye hakumjua. Huyu wa leo, mwenye haraka na usahaulifu, ndiye aliyekuwa akila naye. Alimkumbuka sana.

Mwalimu alivua kofia. "Nimemharibia mwenzangu jina," alisema polepole. "Ngoja nikamwombe radhi."

Akavuka barabara. Mama alibaki amechuchumaa kando ya pikipiki na msasa mkononi, na hakuanza kukwangua mpaka alipomaliza kulia.