Tromboni Niliyoiacha Nairobi

Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, Malaba tulikuwa na bendi ya watu watano, na mpuliza tromboni nilikuwa mimi. Kila Jumamosi baa ilijaa madereva wa malori wanaongoja karatasi za mpaka, na wakishasikia jazi yetu hawakuwa na haraka tena ya Uganda. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Bukhayo, mpiga saksafoni. Ndiye aliyenifundisha kupumua. "Pumzi itoke tumboni," alinifokea, "kifua ni cha kukohoa!"

Halafu studio moja ya Nairobi ikaniita. Wacha nijigambe kidogo, nilikuwa mkali. Lakini kazi ya studio, jamani! Tromboni ina kelele, kwa hiyo walinisimamisha mlangoni, mbali na maikrofoni, nikipuliza huku nimeutazama ukuta. Kuna waimbaji niliorekodi nao ambao hata sura zao sizijui. Sikujali, tumbo lilikuwa limeshiba.

Nilipokwenda Malaba kusalimia, tromboni niliiacha makusudi. Nilijua mzee angeniomba tupige, nami nilitaka kupumzika. Uvivu tu, usitafute neno lingine.

Nikakuta jukwaa limeondolewa, na mahali pake pana gramafoni. Mwenye baa akanikumbatia. "Boss! Siku hizi bendi ya nini? Si tunakusikia hapa kila siku!" Wenzangu watatu walikuwa wakipakia magunia kwenye malori. Santuri zilizowanyang'anya kazi zilikuwa na pumzi yangu ndani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alasiri mzee akaja na saksafoni yake. Nilingoja anitukane. Afadhali angenitukana.

"Chombo kiko wapi?" akauliza.

"Kimeharibika, mzee." Ala! Uongo ulitoka wenyewe.

"Pole sana," akasema, na alinionea huruma kweli. Kisha akaomba iwekwe santuri yangu mojawapo, akasimama kando ya gramafoni, akaanza kupiga pamoja nami, yaani yule mimi wa ndani ya sanduku. Kila nafasi ya tromboni aliniachia, hakuingilia hata moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa mezani nakunywa soda.

Santuri ikaisha yeye akiwa bado katikati ya utamu. Hakuacha. Akaendelea peke yake, macho ameyafumba, kisha akatikisa kichwa upande wa kushoto, ile ishara yetu kwamba sasa ni zamu ya tromboni. Nikainamia soda yangu.