Kofi Alilowekewa Mtawala

Kule nchi ya Koroška mtawala mpya hawi mtawala mpaka mkulima ampishe kwenye jiwe la kutawazia. Tena si mkulima yeyote, ni wa nyumba ya akina Lovrenc, baba kwa mwana. Anaketi, anauliza maswali yake, anamzaba mtawala kikofi shavuni, ndipo anaondoka na ng'ombe dume na farasi, wote wa madoadoa, na nyumba yake haitozwi kodi. Ndivyo ilivyo, na asiyetaka akatawale kwao.

Lovrenc mwenyewe alikuwa mtu wa masihara, mvivu wa jembe lakini si wa mdomo. Ilipovuma kwamba zamu yake imefika, majirani wakaanza kumiminika, kila mmoja na oda yake.

"Jirani, wawindaji wa huyo mtawala mpya walinichukulia mbuzi," akasema mjane Jera. "Ukimpiga, na la mbuzi wangu litie humo humo."

"Nimeshalitia, dada."

Mwenye kinu akaleta la uzio wake uliovunjwa. Hata mtawa mmoja, mpita njia tu, akanong'ona lake.

Neža, mkewe Lovrenc, hakucheka. Msimamizi wa mtawala alikuwa ameshafika mlangoni akasema wazi: kofi likizidi, msamaha wa kodi ndio basi, na farasi ndio basi.

"Wewe mwanamume, ukimzabua kweli, wanao watakula nini?"

"Na nikimpapasa, nitapita wapi? Jera atanisimanga mpaka nife."

"Akusimange! Kwani yeye ndiye atakayetulipia kodi?"

Siku ikafika. Lovrenc akaketi juu ya jiwe, mguu juu ya mguu, uwanja umefurika. Akaja kijana mwenye joho la kijivu la kikulima, kama desturi inavyomtaka mtawala mpya, kofia imemshuka mpaka masikioni, anaongoza dume huku na farasi huku.

"Nani huyo anayekuja?"

"Mtawala wa nchi!" watu wakajibu.

"Ni mwamuzi wa haki?"

"Ndiye, na atakuwa!"

"Sisikii!"

Hilo la "sisikii" halimo kabisa katika desturi. Watu wakarudia kwa kelele, mbavu hawana, msimamizi akanuna.

Lovrenc akanyanyua mkono, akauacha huko huko juu. Neža alitamani ardhi immeze. Mkono haushuki. Kijana wa watu akajikunyata, akafinya macho, mabega yakampanda mpaka kwenye kofia, na uwanja mzima ukamwona.

Ndipo Lovrenc akamgusa shavu, taratibu, kama mtu anayeangalia kama donge la mkate limeumuka.

"Ah! Ndiyo nini sasa?" Jera akafoka. Wengine wakazomea.

Lovrenc akainuka kumpisha kijana, akamwinamia sikioni. "Hilo lilikuwa langu mimi, bwana mkubwa. Ya majirani nimekuwekea."

Farasi akaingia zizini kwa Neža, kodi haikudaiwa. Lakini Lovrenc akawa kichekesho cha bonde zima. Jera hakumwitikia hata salamu, na hilo lilimuuma, asikudanganye mtu.

Mpaka siku ya baraza, Jera aliposimama kudai mbuzi wake. Mtawala alishafungua kinywa amfukuze, macho yakamwangukia Lovrenc nyuma ya watu, anajikuna kiganja polepole. Mtawala akashika shavu.

Jera akarudi na mbuzi wake. Njiani akampita Lovrenc, kisha akasimama.

"Jirani, lile kofi langu bado unalo?"

"Lako limeshatumika, dada. Nimebaki na la mwenye kinu."